Kirusi kimoja, mafua kwa huyu na mashine ya kupumulia kwa yule: jeni zinahusikaje?

Mwaka 2020, korona ilipokuwa inaitikisa Ulaya, madaktari wa Uholanzi walipata wagonjwa wanne waliowaumiza vichwa. Walikuwa wanaume, ndugu wawili wa familia moja na ndugu wawili wa familia nyingine isiyohusiana na ile ya kwanza. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 21, mkubwa 32. Wote walikuwa wazima wa afya, hakuna aliyekuwa na ugonjwa wowote sugu wa maana. Wote wanne waliishia kwenye mashine ya kupumulia, na mmoja wao alifariki. Vinasaba vyao vilipochunguzwa, wakakutwa na hitilafu kwenye jeni moja iitwayo TLR7.

Habari ya namna hii ikitoka maabara na kuingia kwenye simu za watu hubadilika sura. Mmoja atasema korona ni ugonjwa wa kurithi. Mwingine atasema basi kinga iko kwenye damu, ukizaliwa nayo umepona, usipozaliwa nayo chanjo haitakusaidia. Wa tatu atakwambia watu wa kundi O hawashikwi. Kila kauli kati ya hizi imebeba chembe ya ukweli, na ndiyo maana zinadumu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kirusi ni kiasi kidogo tu cha maelekezo ya urithi kilichofungwa ndani ya ganda la protini. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaliana kikiwa peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kuitumia mitambo ya seli hiyo kujinakili. Jeni nayo ni kipande cha vinasaba, yaani DNA, chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, ndani ya maandishi yenye herufi, yaani viungo vya kikemikali vinavyofuatana kwenye DNA, kama bilioni 3. Watu wawili wasio ndugu hutofautiana kwa takriban herufi moja katika kila elfu. Nyingi ya tofauti hizo hazina athari yoyote. Chache huangukia mahali pabaya, au pazuri, kwa sababu zinaharibu au kubadilisha protini ambayo kirusi kinaihitaji, au ambayo mwili unaitumia kukipiga kirusi.

Kuna maswali mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida hufanywa moja. La kwanza: kirusi kitaniingia? La pili: kikishaingia, nitaugua kiasi gani? Mfano wa polio unayatenganisha vizuri. Walio wengi wanaoambukizwa kirusi cha polio hawaoni dalili yoyote. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ni maambukizi 1 kati ya 200 yanayoleta kupooza kusikopona. Wale 199 waliambukizwa sawasawa na yule mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sikuugua, maana yake sikushikwa" anaweza kuwa alishikwa na akawaambukiza wengine bila kujua.

Kwamba urithi unachangia katika swali hili la pili si dhana mpya. Mwaka 1988 watafiti walichapisha uchunguzi wa watu wa Denmark waliolelewa tangu utotoni na wazazi wa kuasili, wakilinganisha vifo vyao na vya wazazi wao wa damu. Aliyekuwa na mzazi wa damu aliyekufa kwa maambukizi kabla ya miaka 50 alikuwa na hatari karibu mara sita ya kufa naye kwa maambukizi, ingawa hawakulelewa nyumba moja. Hatari hiyo haikutokana na chakula walichokula pamoja, wala na wadudu wa nyumba moja. Kilichobaki kuwaunganisha kilikuwa vinasaba.

Mlango usiofunguka

Mfano maarufu kuliko yote ni wa VVU. Ili kirusi hiki kiingie kwenye seli nyeupe za damu kinahitaji kushika vipokezi viwili juu ya seli: kimoja kinaitwa CD4, na cha pili, mara nyingi, ni CCR5. Mwaka 1996 iligundulika kwamba kuna watu ambao jeni yao ya CCR5 imepungukiwa herufi 32. Protini inayotokana nayo ni butu, haifiki juu ya seli kabisa. Mtu aliyerithi nakala hiyo kutoka kwa baba na kwa mama pia hana CCR5 ya kushikwa, na aina nyingi za VVU zinashindwa kumwingia. Watu wa aina hii ni kama asilimia 1 ya wenye asili ya Ulaya Kaskazini. Kwa watu wa asili ya Afrika na Asia Mashariki mabadiliko haya ni nadra mno.

Ugunduzi huo ndio uliomwokoa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alikuwa na VVU, kisha akapata saratani ya damu. Daktari wake, Gero Hütter, akatafuta mchangiaji wa seli za uboho ambaye, mbali na kulingana na mgonjwa, alikuwa na nakala mbili za CCR5 iliyopungua. Brown alipandikizwa mwaka 2007 na tena 2008, akaacha dawa za VVU, na kirusi hakikurudi. Alifariki 2020, na kilichomuua ni ile saratani iliyorejea. Hapo ndipo watu wengi huuliza: kwa nini basi wote wasipandikizwe? Kwa sababu upandikizaji wa uboho huanza kwa kuuharibu uboho wa zamani kwa dawa kali, na wagonjwa wengine hufa kwa tiba yenyewe. Hautolewi kwa mtu ambaye vidonge vya kila siku vinamweka na afya njema. Kilichowafaa wengi zaidi ni dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa 2007, ambayo inaiziba CCR5 kutoka nje bila kuigusa jeni.

Tena kinga hii ina matobo. Baadhi ya aina za VVU hutumia kipokezi kingine, CXCR4, na kwao CCR5 iwepo isiwepo ni mamoja. Isitoshe, CCR5 haikuwekwa mwilini kwa ajili ya VVU; inasaidia kuzielekeza seli za kinga mahali palipo na maambukizi. Watu wasiokuwa nayo wameonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua wanapoambukizwa kirusi cha West Nile, kinachoenezwa na mbu. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alipotangaza kwamba amehariri jeni hii kwenye viinitete na watoto pacha wamezaliwa, hili lilikuwa moja tu kati ya mambo mengi yaliyowakasirisha wenzake. Alikuwa amejaribu kuwaondolea watoto kitu chenye kazi, ili kuwakinga na ugonjwa ambao una njia rahisi na salama za kujikinga. Mahakama ilimfunga miaka mitatu. Kwa maoni yangu, watoto hao walifanywa majaribio.

Mlango kama huo upo pia kwa kirusi cha noro, kile kinacholeta kutapika na kuhara kwa ghafla kwenye meli na mabwenini. Watu wenye jeni ya FUT2 iliyozimika hawatoi sukari fulani kwenye utando wa utumbo, na aina za noro zinazosambaa zaidi hukosa pa kushika. Karibu mtu mmoja kati ya watano barani Ulaya yuko hivyo. Lakini ziko aina nyingine za noro zisizojali.

Yowe lisilosikika

Vijana wa Uholanzi mlango wao haukuwa na tofauti na wa watu wengine. Shida yao ilikuwa kwenye taarifa.

Seli ikivamiwa na kirusi hutoa protini zinazoitwa intaferoni, zilizogunduliwa London mwaka 1957. Intaferoni ni yowe la "mwizi!" usiku: haimkamati mwizi, lakini majirani wakilisikia kila mmoja anakaza komeo. Seli za jirani zikipata intaferoni huwasha mamia ya jeni za kujilinda kabla kirusi hakijazifikia, na seli za askari hupata muda wa kujipanga. Yowe likichelewa saa chache tu, kirusi kinakuwa kimeshajinakili mara nyingi mno.

TLR7 ni mojawapo ya protini zinazogundua kwamba ndani ya seli kuna maelekezo ya kigeni na kuamuru yowe lipigwe. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vya vinasaba ndani ya seli. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiharibika ya pili inaweza kushika kazi. Mwanamume ana moja tu, aliyoipata kwa mama. Ndiyo sababu waliougua walikuwa kaka, na ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja.

Jinsi watafiti walivyolithibitisha hilo inafaa kuelezwa, kwa sababu ni hapa utafiti wa kitabibu na ule wa maabara hukutana. Kuona hitilafu kwenye maandishi ya jeni hakutoshi. Kila mmoja wetu ana hitilafu kadhaa zisizomsumbua. Walichukua seli za damu za wagonjwa, wakazichokoza kwa imiquimod, dawa ambayo kazi yake ni kuiamsha TLR7. Wakazichokoza vilevile seli za watu wasio na hitilafu, wakapima jeni za intaferoni zilivyoitika. Za watu wengine ziliitika kwa nguvu, za vijana wale kwa unyonge. Wodini kuna mgonjwa anayeshangaza, kwenye vinasaba kuna mshukiwa, na maabara ndiyo inayoamua kama mshukiwa ana hatia. Habari ya "jeni mpya yagunduliwa" isiyo na hatua hiyo ya tatu, isome ukiwa umeketi mbali kidogo.

Njia hiyohiyo ilishatumiwa miaka ya nyuma kwenye kitendawili cha malengelenge ya mdomoni. Kirusi chake, HSV-1, kiko kwa watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, karibu theluthi mbili ya rika hilo duniani. Wengi hupata vipele vya mdomo au hawapati chochote. Kwa watoto wachache sana kirusi hupanda hadi ubongoni na kuleta homa kali inayoweza kuua. Kuanzia 2006 kundi la Jean-Laurent Casanova mjini Paris lilionyesha kwamba baadhi ya watoto hao wana hitilafu kwenye jeni za njia ya TLR3, ambayo seli za ubongo huitegemea kupiga yowe. Kinga yao dhidi ya magonjwa mengine iko sawa. Cha kushangaza zaidi, ndani ya familia zao kulikuwa na watu wenye hitilafu ileile, waliokuwa wameambukizwa kirusi kilekile, na ubongo wao haukuguswa. Hata pale jeni moja inapoonekana kubeba lawama yote, haiamui kila kitu.

Kuna watoto nadra zaidi ambao seli zao haziwezi kabisa kulisikia yowe, kwa sababu kipokezi cha intaferoni kimeharibika. Kwa baadhi yao chanjo ya surua, ambayo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, imewahi kuleta ugonjwa mkali. Wapinga chanjo hulipenda sana jambo hili. Huwa wanasahau kwamba mtoto asiyehimili kirusi kilichodhoofishwa hawezi kuhimili surua yenyewe, na kinachomlinda ni watoto wengine wote waliomzunguka kuwa wamechanjwa.

Si kila yowe linalokosa kusikika limetokana na jeni ya kuzaliwa nayo. Katika utafiti mmoja wa 2020 wa wagonjwa mahututi 987 wa korona, 101 walikuwa na kingamwili zilizokuwa zikiishambulia intaferoni yao wenyewe, na 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Miongoni mwa mamia ya walioambukizwa bila kuugua sana, hakuonekana hata mmoja mwenye nazo. Kingamwili hizi huongezeka uzeeni. Nje unaona mgonjwa yuleyule asiye na ulinzi, lakini njia iliyomfikisha hapo ni tofauti.

Wanawake wa Majengo

Mwaka 1985, mtaani Majengo, Pumwani jijini Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wengi waliambukizwa VVU. Wachache, licha ya kukutana na kirusi mara kwa mara kwa miaka, walibaki bila maambukizi. Haikuwa CCR5 iliyopungua, kwani hiyo hawakuwa nayo. Aina fulani za HLA, zile protini zinazoianika sura ya mvamizi mbele ya seli za kinga, zilionekana zaidi kwao, pamoja na tofauti kwenye jeni ya kinga iitwayo IRF1. Baadhi yao walikuwa na seli za kinga zilizoitambua VVU, dalili kwamba mwili ulishakutana nayo.

Kisha likatokea jambo ambalo magazeti hayakulipa nafasi kubwa kama lile la kwanza. Baadhi ya wanawake hao "wasioambukizika" waliambukizwa. Watafiti walipoangalia, waliona maambukizi hayo yalihusiana na kupunguza biashara katika mwaka uliotangulia. Maelezo yanayokubaliana na ushahidi huo ni kwamba sehemu ya kinga yao ilikuwa ya kujifunza, ikidumishwa na kukutana na kirusi tena na tena, na ilipokosa kuchochewa ikafifia. Jeni ziliwapa mwanzo mzuri tu. Nikisikia mtu akitumia habari ya Majengo kudai kwamba kuna watu wasiohitaji kondomu, huwa natamani angesoma nusu ya pili.

Tofauti ndogo ndogo, na hesabu inayopotosha

Mpaka hapa tumezungumzia jeni zenye kishindo. Kwa watu wengi hali si hiyo. Wana tofauti nyingi ndogo, kila moja ikisukuma mizani kidogo. Hizi hutafutwa kwa kulinganisha maandishi ya maelfu ya wagonjwa mahututi na ya maelfu ya watu wengine, herufi kwa herufi, kuona ni wapi makundi mawili yanapishana.

Kwa korona, tofauti iliyojitokeza zaidi iko kwenye kromosomu ya 3. Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha mwaka 2020 kwamba kipande hicho kilitoka kwa Neandertali, binadamu wa kale waliotoweka, ambao wazee wetu waliotoka Afrika walizaa nao. Karibu nusu ya watu wa Asia Kusini wanacho, Wazungu kama asilimia 16, na Afrika karibu hakipo. Kinaongeza uwezekano wa kulazwa takriban mara 1.6.

"Mara 1.6" ndiyo inayozua vichwa vya habari vya kutisha, kwa hiyo tuifanyie hesabu. Tuseme kati ya vijana 1,000 walioambukizwa, 5 wangelazwa. Kati ya 1,000 wenye kipande hicho watalazwa 8. Wengine 992 hawatalazwa, ingawa nao wanacho. Umri peke yake, kutoka ujana hadi miaka 80, unazidisha hatari kwa kiwango kinachoifanya ile 1.6 ionekane ndogo kabisa.

Kundi la damu O liko hapahapa. Tafiti kadhaa zimeona wenye O wakiambukizwa korona kidogo kidogo pungufu ya wengine. Ni tofauti ya kuonekana ukihesabu maelfu, na wodi za korona zilijaa watu wa O.

Na je, Waafrika wana kinga ya asili? Kukosa kipande cha Neandertali ni kukosa sababu moja ya ziada ya kuugua sana, basi. Upande mwingine wa mizani, tofauti mbili za jeni ya APOL1 zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Magharibi, huongeza sana hatari ya VVU kuharibu figo. Wanaochanganya habari hii na selimundu nao wafahamu kwamba kinga wanayoipata wenye nakala moja ya jeni ya selimundu ni dhidi ya malaria kali, na malaria hailetwi na kirusi.

Tofauti za Waafrika zina umuhimu mwingine usiosemwa sana. Kwenye kromosomu ya 12 kuna kipande kingine cha Neandertali, hiki kikipunguza makali ya korona. Tatizo ni kwamba nje ya Afrika kinarithiwa kizima, herufi nyingi pamoja, na haikujulikana ni ipi inayofanya kazi. Waafrika wengi wana mojawapo ya herufi hizo, ndani ya jeni ya OAS1, bila zile zilizoizunguka, kwa sababu waliirithi kwa wazee wa pamoja wa kale zaidi. Mwaka 2022 watafiti waliangalia wagonjwa wenye asili ya Afrika, wakaona herufi ile ikiwa peke yake bado inalinda. Mshukiwa akapatikana. Bila wagonjwa hao swali lingebaki palepale, na bado watu wengi mno wanaochunguzwa katika tafiti za aina hii ni wenye asili ya Ulaya.

Inamsaidiaje mgonjwa?

Wakati mwingine moja kwa moja. Wenye aina ya HLA iitwayo HLA-B*57:01 wanaweza kupata mzio hatari wakinywa abacavir, mojawapo ya dawa za VVU, na kipimo cha damu kabla ya kuanza dawa kinauzuia. Ajabu ni kwamba aina hiyohiyo ya HLA imehusishwa na uwezo wa kuibana VVU bila dawa. Mara nyingine msaada unapitia mlango wa nyuma. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa mahututi wa korona uliinyooshea kidole jeni ya TYK2, ushahidi ukachangia baricitinib, dawa ya baridi yabisi inayozuia protini za jamii hiyo, kuingizwa kwenye RECOVERY, jaribio kubwa la Uingereza la dawa za korona. Mwaka 2022 jaribio hilo lilionyesha vifo kupungua kwa takriban asilimia 13.

Na wakati mwingine sayansi inajipita yenyewe. Mwaka 2009 iligundulika kwamba tofauti karibu na jeni ya IL28B inatabiri nani atapona homa ya ini aina ya C kwa sindano za intaferoni. Kipimo kikaenea haraka. Miaka michache baadaye vikaja vidonge vinavyoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, wenye jeni hii na wenye ile, na kipimo kikakosa kazi.

Kuhusu vipimo vya jeni vinavyouzwa mtandaoni, vingi husoma herufi chache zilizochaguliwa na haviwezi kuona hitilafu nadra kama za TLR3 au TLR7. Uchunguzi wa kina una maana pale mtoto mzima wa afya anapopata homa ya ubongo kwa malengelenge, anapougua vikali baada ya chanjo yenye kirusi hai, au ndugu wawili wanapozidiwa na maambukizi ambayo wenzao wa rika lao huyamaliza kwa panado. Familia ya namna hiyo iombe kupelekwa kwa mtaalamu wa mfumo wa kinga. Kwa wengine, majibu ya kipimo hayatabadilisha chanjo watakazopata wala dawa watakazoandikiwa.